Kabla ya Kutengeneza Chujio, Kaa Jikoni

Ukitoka Arusha kuelekea Moshi utapita Maji ya Chai, na ukiteremka hapo ukazungumza na wenyeji utaona madoa ya kahawia kwenye meno ya wengi waliokulia huko. Chanzo chake ni madini ya floraidi yanayoyeyuka kutoka katika miamba ya volkano ya Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji, ilhali Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4 kwa sababu ya uhaba wa vyanzo vilivyo bora zaidi. Kuchemsha hakusaidii, kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki palepale.

Miaka kadhaa iliyopita nilijiunga na vijana wenzangu kutengeneza chujio la nyumbani kwa ajili ya kijiji kimoja cha upande huo wa mlima. Njia yenyewe haikuwa ngeni, kwani kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa muda mrefu na mkaa wa mifupa, ambao hunasa floraidi maji yanapopita ndani yake. Tulichukua ndoo mbili za lita 20, tukafunga koki, tukaitisha mkutano na kuuliza kama chujio lingefaa. Tulijibiwa kwa makofi. Ukiwa na mradi kama huu, nakusihi usiutegemee mkutano wa namna hiyo, kwa maana mgeni aliyeleta zawadi haambiwi hadharani kwamba zawadi yake haifai, na mbele ya wazee na wakwe zake, mama anayechota maji ndiye wa mwisho kusema, kama atasema.

Baada ya miezi minne ndoo nyingi zilikuwa zimejazwa mahindi. Nilipoanza tena kuuliza maswali yangu, mama mmoja alinikatiza kwa upole: "Mwanangu, kaa kwanza. Utaona mwenyewe."

Nilikaa jikoni kwake tangu asubuhi hadi jioni. Niliona kwamba koki tuliiweka chini mno, hata jagi halikuingia mpaka ndoo ipandishwe juu ya kigoda, nacho kigoda kilikuwa kimoja tu humo ndani. Niliona pia kwamba maji yalitoka taratibu sana, kwa hiyo aliyatenga kwa kunywa pekee, na ya kupikia akayachota bombani. Kisha akatia magadi katika chungu cha makande. Magadi hulainisha maharage na kuokoa kuni, lakini mara nyingi nayo yana floraidi nyingi, hivyo watoto waliokunywa maji yaliyochujwa walikuwa wakiila floraidi ileile kwenye sahani. Dodoso letu halikuwa na swali hata moja kuhusu magadi, kwa sababu tulikwisha kuamua, kabla ya kumwona mtu yeyote akipika, kwamba tatizo ni maji.

Ndiyo maana nasema ubunifu wa kuihudumia jamii uanze kwa kutazama kazi ikifanyika, na maswali yafuate. Swali linalozaliwa na ulichokiona hujibiwa kwa ukweli zaidi. Nilipomuuliza mama yule kwa nini hawezi kuacha magadi, alinionyesha mzigo wa kuni na kunieleza umbali wa kuufuata. Tukajaribu pamoja kuloweka maharage usiku kucha, na yakaiva mapema kuliko alivyotarajia. Jirani yake Mwislamu alitaka kujua mifupa ni ya mnyama gani na nani alimchinja, jambo ambalo lilipaswa kujibiwa kabla ya ndoo ya kwanza kutoboka.

Koki na kasi ya maji tulizirekebisha kwa muda mfupi. Kilichotuchukua muda mrefu ni mkaa wenyewe, kwani hujaa floraidi na kuacha kunasa, wakati maji yanaendelea kutoka yakiwa maangavu na mtumiaji asijue lolote. Hapo tuliwaachia akina mama waamue. Walichagua kupima na kubadilisha mkaa kwa zamu, nyumba kumi kwa pamoja, na kuulipia kwa fedha za kikoba chao kila baada ya mavuno. Sisi tulikuwa tumependekeza malipo ya kila mwezi.