Bunduki Nusu Otomatiki ya Kuwindia Koyote na Wanyama Waharibifu Wadogo: Niliyojifunza Texas

Usiku wa kwanza nilipotoka peke yangu kumvizia koyote, mbwa-mwitu mdogo wa Amerika, aliyekuwa akitumalizia watoto wa mbuzi, nilikoki bunduki polepole, nikiurudisha mkono wa kukokia taratibu ili chuma kisigonge chuma na kumshtua mnyama. Baada ya muda koyote alijitokeza ukingoni mwa korongo, umbali wa mita themanini hivi, akasimama ubavu kana kwamba ananisubiri. Nilipobonyeza kifyatulio nilisikia "tik" tu, na risasi haikutoka. Komeo, yaani chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, halikuwa limeingia mahali pake sawasawa, kwa sababu bunduki inayojipakia yenyewe imeundwa ifungwe kwa nguvu ya springi yake, si kwa huruma ya mkono wa mwenye nayo. Siku hizi naikoki kwa nguvu nikiwa bado karibu na gari, naweka kizuizi cha usalama, ndipo naanza kutembea.

Nilikulia Baringo, ambako tuliwalinda mbuzi dhidi ya mbweha kwa mbwa, moto na kelele. Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na bunduki niliyoifahamu ilikuwa ile ya askari wa akiba wa kijijini. Hapa uwanda wa Edwards, Texas, ambako ninachunga mbuzi wa nyama, mwenye mifugo anatarajiwa kuwa na bunduki yake mwenyewe. Kwa hiyo nilianza kujifunza nikiwa mtu mzima, tena kwa kukosea.

Swali la kwanza ni kama unaihitaji kweli bunduki ya nusu otomatiki, yaani inayojipakia yenyewe na kutoa risasi moja kila unapobonyeza kifyatulio. Ile ya kukoki kwa mkono kila risasi huwa rahisi zaidi kwa bei, na kwa fedha ileile mara nyingi hulenga vizuri zaidi. Mtu anayepambana na koyote mmoja au wawili kwa mwaka hana sababu ya kuiacha. Faida ya nusu otomatiki huonekana pale koyote wanapoitikia mlio wa kuwaita wakiwa wawili, kwa kuwa unaweza kumgeukia wa pili bila kuinua shavu kwenye kitako wala kupunga mkono mbele ya macho yao. Hasara yake ni kwamba humshawishi mwindaji kupiga haraka. Mimi mwenyewe nimewahi kumaliza magazini nzima, yaani kibweta kizima cha risasi, bila kumgusa mnyama, jambo ambalo halikunitokea kamwe na bunduki ya kukoki.

Kwa panya, sungura na kindi wa ardhini, kaliba, yaani kipimo cha risasi, ya .22 LR inatosha, na Ruger 10/22, iliyoingia sokoni 1964 ikiwa na magazini ya duara ya risasi kumi, bado ni chaguo ambalo ni vigumu kulipinga. Bunduki za aina hii huchagua risasi: zile tulivu, zisizozidi kasi ya sauti, pengine hazina nguvu ya kulirudisha komeo, na nta pamoja na masizi hujaa upesi ndani. Nunua paketi chache za aina mbalimbali, uone bunduki yako inakubali ipi, kabla ya kununua kwa wingi. Usiitumie kwa koyote. Na usiidharau kwa udogo wake, maana watengenezaji huonya kwenye paketi kwamba risasi hiyo ndogo yaweza kufika maili moja na nusu, yaani kilomita 2.4 hivi.

Kwa koyote mwenyewe, ambaye kwa kawaida hana uzito mkubwa kuliko mbwa wa wastani, sijaona sababu ya kupita .223 Remington. Risasi yake ya greni 55, takriban gramu 3.6, hutoka mtutuni kwa kasi inayokaribia mita 1,000 kwa sekunde, na teke lake ni dogo kiasi kwamba unamwona mnyama ndani ya darubini wakati risasi inapofika. Bunduki nyingi za muundo wa AR-15, nusu otomatiki iliyoenea sana Marekani, hutumia kaliba hii, na hapa ndipo mnunuzi anapaswa kusoma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu kwa makini. Mtutu ulioandikwa 5.56, kaliba ya kijeshi inayofanana nayo, unapokea risasi za 5.56 na za .223, lakini ulioandikwa .223 peke yake usiuwekee 5.56 ya kijeshi, kwa kuwa shinikizo laweza kupita kiasi. Ukiona .223 Wylde, huo umechongwa kwa ajili ya zote mbili.

Karibu na maandishi hayo kuna tarakimu kama 1:7, 1:8 au 1:9, zinazoonyesha inchi ambazo risasi husafiri hadi izunguke mara moja. Mzunguko wa haraka, kama 1:7, hufaa risasi ndefu na nzito, ilhali 1:9 huzituliza vizuri zile nyepesi za greni 40 hadi 55 tunazotumia kwa koyote. Mimi nilichagua 1:8 na sijajuta. Urefu wa mtutu haukunisumbua sana: chini ya inchi 16 unaingia katika sheria nyingine za shirikisho zenye usajili, na zaidi ya 20 unakuwa mzigo tu kwa anayepanda vilima.

Kosa langu kubwa lilikuwa risasi zenyewe. Nilinunua za bei nafuu, zenye ganda zima la shaba na ncha ngumu, nikampiga koyote zikapenya kama sindano; alikimbia, tukamkuta kesho yake mchana mbali sana, na sikupenda nilichokiona. Tangu hapo natumia risasi nyepesi zinazopasuka zinapogonga. Ardhi yetu ni ya mawe ya chokaa, na risasi inayosambaratika haina tabia mbaya ya kuruka kutoka jiweni na kuendelea kuelekea kwa jirani, ingawa bado sifyatui kama sioni udongo nyuma ya mnyama.

Ukiwa pia na bunduki ya .300 Blackout, kaliba nyingine inayotumika katika AR-15, tenganisha magazini zake kwa rangi, kwa sababu ni zilezile za .223, na risasi yake ikisukumwa kwenye mtutu usio wake, inaweza kuipasua bunduki mikononi mwako.

Sheria za uwindaji ni za kila jimbo. California inataka risasi zisizo na madini ya plumbi (ledi) katika uwindaji wote tangu Julai 1, 2019, na Pennsylvania iliruhusu nusu otomatiki kwa wanyama wadogo mwaka 2017 tu. Ukienda dukani, beba kitambulisho chenye anwani yako ya sasa, na kama si raia, beba kadi yako ya ukaazi wa kudumu, kwa kuwa utajaza Fomu 4473 ya serikali kuu kabla hujakabidhiwa chochote. Ukisubiri majibu ya ukaguzi wa rekodi zako, omba ruhusa ya kujaribu kifyatulio bunduki ikiwa tupu: kikikwaruza kama mlango wenye kutu, iombe nyingine.