NOT-HALT si "usisimamishe"

Ndugu, hicho kibandiko cha NOT-HALT unachokitafsiri kwenye mashine ya barafu ya Kijerumani huko Malindi usikisome Kiingereza. Not kwa Kijerumani ni dharura, kwa hiyo kando ya kitufe chekundu andika SIMAMISHA KWA DHARURA. Ukikosea hapo, mtu atanaswa mkono, naye mwenzake ataogopa kubonyeza.

Ngazi za hatari kwenye vibandiko nazo usizichanganye: GEFAHR, nyekundu, ni HATARI, usipoepuka utakufa au utaumia vibaya; WARNUNG, rangi ya machungwa, ni ONYO, waweza kufa; VORSICHT, njano, ni TAHADHARI, jeraha dogo. HINWEIS ni chombo kuharibika tu.

Quetschgefahr, yaani hatari ya kupondwa, isiishie "hatari". Andika "Mkono utapondwa". Na kibandiko kiwe cha plastiki, karatasi haihimili chumvi ya pwani.