Jibu: Kwa nini Lawrence of Arabia bado inatazamwa

Ndugu, umeuliza kwa nini Lawrence of Arabia, filamu ya mwaka 1962 kuhusu Mwingereza Lawrence katika jangwa la Uarabuni, yenye urefu unaokaribia saa 4, bado ina wapenzi wengi. Kwa maoni yangu, sababu kubwa ni subira ya mwongozaji David Lean. Mtazame mwigizaji Omar Sharif anavyotokea kwenye kisima cha jangwani: mwanzoni ni nukta nyeusi inayotetemeka ndani ya mazigazi, kisha polepole inakuwa mtu juu ya ngamia, bila muziki wowote, mpaka bunduki inapolia na kiongozi wa njia wa Lawrence, aliyesimama naye kisimani, anaanguka. Ni kweli kwamba kumpa Mwingereza Alec Guinness nafasi ya Mwanamfalme Faisal, ambaye ni Mwarabu, ni dosari inayoniudhi. Hata hivyo, itafute kwenye skrini kubwa, kwani ilitengenezwa kwa mkanda wa milimita 70, na skrini ndogo ya simu huimeza ile nukta kabisa.