Usiende Ngong Jumamosi hii

Usiende. Umeandika kwamba usingizi umekupotea tangu uhamishwe idara, kwamba kuna mtu amekupa ratiba ya kukimbia kwenye vilima vya Ngong, karibu na Nairobi, siku 5 kwa wiki kwa mwendo wa kilomita moja kila dakika 6 ili mawazo yapungue, kisha ukauliza ununue viatu gani na uanzie njia ipi. Ratiba hiyo naijua. Niliifuata yote bila kuruka hata siku moja, nayo ikanivunja mfupa.

Mwaka 2021 nilimzika mama, nikarudi kazini nikiwa mwili tu, na usiku nilisikiliza magari ya Thika Road hadi adhana ya alfajiri. Shemeji yangu alinichukua Jumapili moja tukatembea msitu wa Karura, kutoka lango la Limuru Road hadi kwenye maporomoko. Nikarudi tena peke yangu, nikaanza kukimbia kidogo pale njia inapokuwa tambarare, na wiki ya tatu nikalala saa 6 mfululizo bila kuamka. Dawa nilikwisha kuipata, nami sikuitambua.

Badala ya kutulia, nikamlipa mkufunzi niliyempata mtandaoni. Yeye alisema kutembea ni kwa wagonjwa, akanipangia kasi ile ile ya lami niipeleke vilima vya Ngong. Mtu anayejiita mkufunzi angepaswa kujua kwamba kilele cha Ngong kipo mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mita 600 juu ya katikati ya jiji, na kwamba mwendo ulio rahisi pale Uhuru Park huko juu huwa ni kuhema. Angepaswa pia kujua habari ya miteremko. Unapopanda, mapafu yanakulazimisha upunguze mwendo. Unaposhuka hayakuzuii, nawe unajiachilia, huku kila hatua ikiupiga muundi, ule mfupa wa mbele chini ya goti, kwa nguvu inayozidi uzito wako mara kadhaa. Mapafu na moyo huzoea mazoezi ndani ya wiki chache, lakini mfupa hujijenga upya polepole zaidi, kwa miezi, na kwa muda huo unajiona una nguvu ilhali mguu bado haujawa tayari.

Wiki ya tano nikapata maumivu upande wa ndani wa muundi, mahali padogo kama ncha ya kidole. Nikamweleza mkufunzi. Akajibu kwamba ni misuli inayokomaa, nikaamini, nikaendelea siku 12 zaidi. Siku ya mwisho nilikuwa nateremka kuelekea Kona Baridi, upepo wa Bonde la Ufa ukinisukuma kifuani, mguu ukakataa kunibeba. Wenzangu wawili walinishika mabega hadi barabarani. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu. Ufa ulionekana kwenye kipimo cha MRI, kilichomaliza akiba yangu ya miezi mitatu. Nilikaa wiki 8 bila kukimbia, za mwanzo nikitembea kwa magongo, na ule usingizi nilioupata Karura ukaondoka wiki ya kwanza tu. Fedha nimeshazisahau. Hasira niliyobaki nayo ni kwamba mtu alichukua kitu pekee kilichokuwa kinanituliza akakigeuza mtihani, na nilipoumia hakujibu tena ujumbe wangu.

Kwa hiyo shika jambo moja: ukishindwa kusema sentensi nzima bila kukatwa na pumzi, tembea. Si kupunguza mwendo kidogo. Tembea, hata kama ni mara 20 katika saa moja, hata kama wanaokupita ni watoto. Kila kilima kitembee. Saa ya mkononi iache nyumbani, kwa sababu ukiwa nayo utaisikiliza yenyewe badala ya pumzi zako, na hutawaona hata kima. Fanya hivyo siku 3 kwa wiki, kwa miezi 3, Karura tu, ambako njia ni za udongo na vilima si vikali. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale Januari 1999 wakizuia msitu ule usigawiwe wajenzi. Sisi tunaopumua vizuri leo chini ya miti ile tuna deni la kuitazama tunapopita. Mimi husema kwa sauti majina ya watu wa nyumbani ninapokimbia, na yakianza kukatika midomoni, najua ni wakati wa kutembea. Nimefanya hivyo tangu mguu upone, na ninalala.

Kama muundi tayari unakuuma mahali pamoja ukipabonyeza kwa kidole, usingoje jibu la mtu yeyote hapa, mimi nikiwemo. Kesho asubuhi nenda kwa daktari wa mifupa, na umwambie tangu mwanzo kwamba unakimbia miteremkoni.