Usiikaze hiyo breki kabla hujaitia kwenye mizani

Usiikaze. Umeeleza kwamba Jumamosi unakwenda kuvua nguru katika maji ya wazi kwa mara ya kwanza, kwamba mshipi wako ni wa nailoni wenye nguvu ya kilo 10, na kwamba mtu mwenye uzoefu amekushauri uizungushe breki ya rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi kwenye fimbo, mpaka ikome, kwa sababu “samaki mkubwa hapewi mshipi”. Nimeyasoma maneno hayo mara mbili, nikahisi kama ninayesikia sauti ya mtu ninayemdai. Nami niliambiwa hivyo hivyo, karibu neno kwa neno, na ushauri huo ukanigharimu nguru bora niliyewahi kumwona pamoja na mwaka mzima uliofuata.

Chombo kilikuwa kinakwenda taratibu, chambo kikifuata nyuma, nguru alipopiga. Samaki huyu hana kusitasita: hupiga na kuondoka kwa mkupuo mmoja, na mshipi hutoka kwenye rili kwa kasi inayomtia mgeni kiwewe. Kwa muda mfupi aliruka tukamwona mzima. Sitakutajia uzito wake, kwa kuwa samaki aliyeponyoka huongezeka kilo kila anaposimuliwa, na mimi nina aibu za kutosha tayari. Nyuma yangu alisimama yule tuliyekuwa tukimwita bingwa, akipaza sauti: “Kaza! Atakumalizia mshipi!” Nikakaza. Nguru hakupunguza mwendo, bingwa akarudia amri yake, nami, kama mwanafunzi mtiifu, nikakaza tena. Kisha fimbo ikanyooka, na rili iliyokuwa ikilia ikanyamaza kabisa.

Bingwa alitoa hukumu bila hata kuutazama mshipi: “Fundo lako bovu.” Hapo ndipo lilipo kosa lililoniumiza kuliko kumpoteza samaki mwenyewe, kwa sababu nilimwamini. Mwaka mzima nilihangaika na mafundo. Nilijifunza kulilowesha fundo kabla ya kulivuta, jambo ambalo ni sahihi kwa vile msuguano huipasha nailoni joto na kuidhoofisha. Nilibadilisha mishipi, ndoana na waya unaofungwa kati ya mshipi na ndoana, nikajua mafundo mengi kiasi kwamba ningeweza kuajiriwa kufunga mizigo bandarini, na bado samaki wawili wengine wakanikatikia vilevile.

Ushahidi nilikuwa nao mkononi tangu siku ya kwanza. Fundo likiteleza, ncha ya mshipi inayobaki hujikunja mithili ya mkia wa nguruwe, ilhali yangu ilikuwa imenyooka. Isitoshe, nguru aliondoka na waya, ndoana na takriban mita 30 za mshipi, maana yake ni kwamba palipokatika palikuwa mbali sana na fundo lolote. (Samaki kuburuta mita 30 za nailoni ni unyama, nami ndiye niliyemfunga mzigo huo.) Bingwa hakuuliza, na mimi sikutazama.

Kilichotokea kinaeleweka kwa hesabu nyepesi ambayo hakuna aliyenifundisha. Breki huzuia gurudumu la rili, linalokunjiwa mshipi, lisizunguke ovyo, lakini nguvu inayoufikia mshipi hutegemea unene wa mshipi uliobaki umekunjwa kwenye gurudumu. Kadiri samaki anavyokimbia, mkunjo huo hupungua, na kipenyo chake kikifika nusu, nguvu ya breki kwenye mshipi huwa imeongezeka mara mbili bila wewe kugusa chochote. Breki yangu ilikuwa imeanza kwenye kilo 4 hivi, kwa kukisia. Gurudumu lilipopungua hadi nusu, tayari zilikuwa kama kilo 8. Ongeza msuguano wa mshipi kwenye pete za fimbo iliyopinda, ongeza uzito wa maji yanayoukinza mshipi mrefu unaoburutwa, halafu mlete bingwa aseme “kaza”. Hata kilo 10 zilizoandikwa kwenye mshipi wa nailoni haziaminiki zote, kwa kuwa nailoni ikilowa hupungua nguvu. IGFA, chama cha kimataifa kilichoanzishwa mwaka 1939 na kinachotunza rekodi za uvuvi wa burudani, huipima mishipi ikiwa imelowa kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye nyumbani kabla ya Jumamosi. Pitisha mshipi kwenye pete zote za fimbo, ufunge kwenye mizani ya kuning'iniza, umpe mtu aishike, kisha uinue fimbo ikiwa imeinama kama unavyotarajia kuishika chomboni. Avute mpaka gurudumu lianze kutoa mshipi bila kukwama. Rekebisha breki mpaka mizani isome robo ya nguvu ya mshipi, ambayo kwako ni kilo 2 na nusu. Vuta tena mara kadhaa, kwa maana breki iliyolala kwa muda huganda kidogo mwanzoni, na mshtuko wa kuanza ndio unaokata. Ukishapima, usiiguse wakati samaki anakimbia. Mshipi ukikaribia kuisha, mwombe nahodha ageuze chombo mumfuate.

Najua mtu atasema kwamba chewa akipewa nafasi huingia pangoni mwake na mchezo ukaisha. Ni kweli, lakini dawa yake ni mshipi mzito zaidi uliopimwa. Wewe unakwenda maji ya wazi, ambako nguru hana pango la kukimbilia.

Safari ya kwanza baada ya kununua mizani nilipata nguru wa kilo 11 kwa mshipi wa kilo 10. Alikimbia mara tatu, mikono yangu ikitetemeka kwa hamu ya kukaza, na mara zote tatu alichoka mwenyewe. Mvuvi Mmarekani Alfred Glassell alimtoa nduaro mweusi, samaki mkubwa mwenye pua ndefu kama mkuki, wa kilo 707 huko Cabo Blanco, Peru, tarehe 4 Agosti 1953, kwa mshipi ambao ungekatika papo hapo kama angejaribu kumning'iniza nao. Bingwa wetu angemwambia akaze.

Uliuliza pia kuhusu chambo, saa nzuri ya kutoka na urefu wa fimbo. Waya weka, kwa kuwa meno ya nguru hukata nailoni kama wembe. Hayo mengine wenzangu watakujibu vizuri kuliko mimi. Mimi nasubiri uniambie mizani imesoma ngapi.