"Nitajie mfululizo mzuri," na maswali mengine ya wapenda fantasia

Meseji zimejaa tena, na nyingi zinauliza jambo moja: baada ya hiki nilichomaliza, nisome nini? Nimechagua chache za hapa hapa Dar. Mnaouliza bei, pigeni simu madukani, bei hubadilika.

Dada shikamoo. Naomba unitajie mfululizo mzuri wa fantasia. (Msomaji, Tabata)

Marahaba. Mzuri kwa nani? Swali hili huja kila mara kwa maneno yale yale, na ni sawa na kuingia duka la dawa ukasema "nipe dawa nzuri." Niambie kitabu cha mwisho ulichokimaliza ukiwa hutaki kiishe. Niambie kilichokushika ni nini. Halafu niambie ulichokiacha katikati na kilikuchosha wapi. Bila hayo nabahatisha tu, na pesa inayopotea ni yako.

Kama unapenda uchawi wenye kanuni, anza na Mistborn ya Brandon Sanderson. Humo watu humeza chembe za madini na kila madini hutoa nguvu yake: bati hunoa macho na masikio, chuma huvuta vyuma vingine. Mwandishi akishaweka kanuni haivunji, ndiyo maana ushindi wa mwisho unauamini. Kama unapenda lugha iliyotulia, tafuta Earthsea ya Ursula K. Le Guin, iliyoanza mwaka 1968. Shujaa wake, Ged, ana ngozi ya kahawia, na Le Guin alilalamika miaka mingi kwa sababu wachapishaji walikuwa wakimchora mzungu kwenye majalada. Ukikutana na jalada la namna hiyo, liamini neno la mwandishi, si picha.

Nimeangalia Game of Thrones yote mara mbili. Sasa nataka vitabu. Je, vimeisha? (Msomaji, Kigamboni)

Havijaisha. Cha kwanza cha George R. R. Martin kilitoka mwaka 1996, cha tano mwaka 2011, na cha sita bado tunakisubiri. Televisheni ilimpita mwandishi njiani, ikajifungia hadithi yenyewe mwaka 2019. Ukiweza kukaa na hadithi isiyo na mwisho, soma, maana vitabu vina watu na fitina nyingi ambazo kwenye filamu hazikupata nafasi. Ukijua huwezi, usivishike. Mfululizo wa Kingkiller Chronicle wa Patrick Rothfuss nao ni hivyo hivyo: kitabu kimoja 2007, cha pili 2011, cha tatu hakuna.

Kuna wanaosema nawakatisha tamaa wasomaji. Hapana. Kitabu kikubwa cha kigeni hapa mjini ni pesa ya kufikiria, na wengi wetu tunamwagiza ndugu anayerudi kutoka safari atubebee kwenye begi. Mtu anayebebewa kitabu namna hiyo ana haki ya kujua mapema kama safari ya hadithi ina mwisho. Kabla ya kununua cha kwanza, uliza maswali mawili: mfululizo umekamilika? Na vilivyobaki nitavipata wapi?

Ukitaka falme, vita na mwisho ulioandikwa, Wheel of Time ya Robert Jordan ina vitabu 14. Jordan alifariki mwaka 2007, na Sanderson akaumaliza mwaka 2013 kwa kutumia maandishi aliyoyaacha. Nakuonya tu kwamba katikati mwendo unalegea sana, uwe na subira. Kama subira ni ndogo, nakupa Broken Earth ya N. K. Jemisin: vitabu vitatu tu, 2015 hadi 2017, na kila kimoja kilipata Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za fantasia na za kisayansi, miaka mitatu mfululizo. Ni dunia ambayo ardhi haiachi kutikisika, na watu wenye uwezo wa kuituliza ndio wanaoogopwa, wanaofungwa na kutumikishwa. Mimi sijui mfululizo wa miaka ya karibuni uliojengwa kwa ufundi zaidi ya huu.

Narnia nianze na kitabu gani? Boksi langu limeandikwa namba 1 kwenye The Magician's Nephew. (Msomaji, Sinza)

Usiifuate hiyo namba. Anza na The Lion, the Witch and the Wardrobe, kilichotoka kwanza mwaka 1950. Ukianza na hicho kingine, cha 1955, unaonyeshwa chanzo cha mambo kabla hujapata nafasi ya kuyashangaa.

Nimenunua kitabu kwenye mitumba pale Posta, kumbe ni cha tatu. Nisome tu au niache? (Msomaji, Mbagala)

Inategemea ni kipi, na hukukitaja! Jamani, tajeni majina ya vitabu.

Vitabu vya Terry Pratchett vya Discworld viko 41, na vingi unaweza kuviingia popote, kila kimoja kinajisimamia. Jemisin huwezi, ukianzia cha tatu umeharibu vyote. Siku nyingine ukiwa umeinama pale kwenye turubai, usisome nyuma ya jalada peke yake, maana hapo hawakwambii kila mara kuwa ni cha ngapi. Fungua kurasa za mwanzo, kabla hadithi haijaanza. Mara nyingi kuna orodha ya vitabu vingine vya mwandishi, na mfululizo hupangwa kwa mpangilio wake. Angalia pia mgongo wa kitabu, wachapishaji wengi huweka namba hapo. Na mwachie muuzaji jina la unachokitafuta. Wale vijana wanajua mizigo yao, na cha kwanza kikiangukia mikononi mwao watakukumbuka.

Nitumie PDF ya Children of Blood and Bone. (Msomaji hakutaja anakoishi)

Hapana.

Nimeshasema nisitumiwe ombi hili, na bado linakuja. Vya bure vya halali vipo tele. Project Gutenberg, maktaba ya bure mtandaoni, wana vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha nchini Marekani: H. G. Wells, Jules Verne na wengine wengi. Riwaya ya Verne ya mwaka 1863 kuhusu safari ya wiki tano kwa puto inaanzia hapo ng'ambo, Zanzibar, ingawa namna inavyowaelezea Waafrika itakukera, na una haki ya kukereka. Jarida la Omenana limekuwa likitoa hadithi za kisayansi na za ajabu za Waafrika tangu 2014, bure mtandaoni. Na Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, imesimama pale tangu 1967. Umeshaingia?

Mwanangu ana miaka 12, anapenda sana hadithi za uchawi. Kanisani wananiambia nimkataze. Nifanyeje dada yangu? (Mama, Kimara)

Mama yangu, la imani ni lako na la nyumba yako, siwezi kuliingilia. Ninaloweza kukuambia ni hili: soma kitabu wewe kwanza, kisha uamue. Anayekataza bila kusoma humpa mtoto sababu ya kusoma kwa kificho, na hapo hutajua tena anasoma nini. Na sisi wenyewe tumelelewa na hadithi za mazimwi na majini za bibi zetu, tukajua vizuri ipi ni hadithi na ipi ni maisha.

Kitabu ambacho ningependa usome pamoja naye ni Akata Witch cha Nnedi Okorafor, cha mwaka 2011. Viko vitatu, cha tatu kilitoka 2022. Shujaa ni Sunny, binti wa miaka 12 kama mwanao, anaishi Aba, Nigeria, na ana ualbino. Ukurasa kwa ukurasa unamwona akikwepa jua, akitaniwa shuleni, akitamani kucheza mpira na wenzake mchana. Kisha unamwona akipata nguvu na marafiki. Katika nchi yetu, ambako watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya uongo wa waganga, mtoto anayekaa ndani ya kichwa cha Sunny kurasa mia kadhaa anajifunza kitu ambacho bango la barabarani halimfundishi. Tahadhari moja: kuna mtu mwovu humo anayeteka watoto. Sehemu hizo uwe karibu.

Nasoma uhandisi, nataka hadithi yenye sayansi ya kweli. (Mwanafunzi, Mlimani)

The Three-Body Problem ya Liu Cixin, vitabu vitatu, vimekamilika. Baada ya hapo The Expanse, vitabu tisa, 2011 hadi 2021. Watu wa Liu ni wakavu, mawazo yake ndiyo yatakayokukosesha usingizi. Ongeza Rosewater ya Tade Thompson, Nigeria ya mwaka 2066, nayo ni vitatu.

Kwa nini Kiswahili hakina fantasia? (Msomaji, Magomeni)

Nani kakwambia hakina? Umesoma Kusadikika ukiwa shule ukafundishwa "maudhui" na "ujumbe" mpaka ukasahau kuwa ni nchi inayoelea hewani. Shaaban Robert aliitoa mwaka 1951. Wajumbe sita wanatumwa mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini, na kila mmoja anarudi na habari za dunia aliyoiona. Mwaka uliofuata akatoa Adili na Nduguze: liwali mwema anayelazimika kila usiku kuwapiga mijeledi manyani wawili huku akilia, maana manyani hao ni ndugu zake wa tumbo moja. Hiyo kama si fantasia ni nini?

Shuka chini zaidi. Katama Mkangi, Walenisi, 1995: mtu anahukumiwa, anatiwa ndani ya chombo kinachoruka, anatua kwenye jamii nyingine kabisa. Kezilahabi, Nagona (1990) na Mzingile (1991), vifupi vyote viwili, vigumu vyote viwili, na ukivisoma kwa kufuatana unapata dunia iliyokwisha na iliyoanza upya. Wamitila, Bina-Adamu!, 2002. Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka, 2001. Nenda duka la vitabu la TPH pale Samora, uliza kwa majina. Wakikwambia hakipo, waombe wakutafutie. Kitabu kisichoulizwa hakichapwi tena.

Kitu ambacho kweli hatuna kwa wingi ni mfululizo mrefu wa aina hii, dunia moja vitabu vitano au kumi. Si kwamba Mswahili hapendi kufuatilia. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Mohamed Said Abdulla, alianza 1960 na Mzimu wa Watu wa Kale akafika hadi 1984. Willy Gamba na Joram Kiango, nao wa riwaya za upelelezi, walisomwa mpaka majalada yakachanika. Leo hii watu wanasubiri "itaendelea" kwenye magrupu ya WhatsApp hadi usiku wa manane. Shida ni kwamba mwandishi akichapa kitabu cha kwanza, mmoja ananunua, anakipiga picha ukurasa kwa ukurasa, jioni kimeshafika kila grupu. Cha pili atakiandika kwa nini, na kwa nauli ya nani? Wewe unayeniuliza kwa nini hakuna, mwaka huu umenunua kipi cha Kiswahili?

Kiingereza changu si kizuri sana. Nianze na kipi kifupi? (Msomaji, Buguruni)

Kitabu kiitwacho Binti, cha Nnedi Okorafor. Ni kisa kifupi cha msichana wa Kihimba kutoka Namibia anayetoroka kwao kwenda chuo kikuu kwenye sayari nyingine, na viko vitatu, 2015 hadi 2018. Ukikwama neno, pita, usifungue kamusi kila mstari. Kisha All Systems Red ya Martha Wells, kifupi pia, na kinachosimulia ni mashine yenye haya kuliko watu inaowalinda.