Hilux yenye injini ya dizeli ya 3L inagonga ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta)

Kaka, kabla fundi hajakushawishi kufungua injini ya hiyo pikapu ya viazi, angalia oili kwanza. Kisha vua mikanda ya feni, washa kama nusu dakika tu, usiiendeshe hivyo. Kelele ikikata, huenda ni beringi ya altaneta (inayochaji betri) au wota pampu. Ikibaki, injini ikiwa inaunguruma, legeza nati za mabomba ya nozeli (zinazopulizia dizeli kwenye silinda) moja moja, ukiikaza kabla ya kugusa inayofuata. Ile inayonyamazisha kugonga, huenda nozeli yake ndiyo mbovu, ingawa beringi ya konrodi ya silinda hiyo nayo inaweza kunyamaza hivyo hivyo. (Kwa D-4D, zile dizeli mpya za Toyota, usithubutu, presha yake inatoboa ngozi!) Tik-tik nyembamba pale juu ni tapeti (zinazosukuma valvu), nafasi zake zipimwe kwa fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia. Ila kama inagonga alfajiri tu na ikipata moto inatulia, hiyo ni baridi ya Uyole huko Mbeya, iache ipashe kidogo.